Kusomea Muvi High School: Hii Somo ya Theatre and Film ni Nini, na Itakupeleka Wapi?

Kuna swali moja inazunguka kwa kila keja yenye iko na mtoi wa Grade 9: "Sasa wewe utachukua gani?" Mathe anataka daktari. Mzae anataka injinia. Na mtoi mwenyewe ako nyuma ya ploti na mbogi yake wanashuti skit na simu imevunjika kioo, mmoja ameshika tochi, mwingine anajifanya landlord.

Kitambo hiyo stori ilikuwa inaishia hapo. Unaambiwa uweke simu chini uende ukasome. Lakini tangu January 2026, wakati Grade 10 wa kwanza waliingia senior school, muvi ni somo. Iko kwa timetable, iko na mwalimu, iko na grade. Inaitwa Theatre and Film.

Shida ni wasee wengi wanaichagua ama kuikataa bila kujua ni nini inafunzwa, nani inamfaa, na ni mlango gani inafunga. Na hii ni chaguo ya miaka tatu ya maisha yako. So kama ni wewe unachagua, ama uko na kabro ama kasis kanachagua, keti chini tubonge.

Imetoka wapi, na imekaa wapi

Kwa 8-4-4, muvi haikuwa somo ya high school. Ulikuwa unapata drama club, unaenda drama festival, unarudi na certificate na kikohozi ya vumbi, alafu Form 4 unafanya KCSE kama kila mtu. Wale wa mwisho wa hiyo system watafanya KCSE 2027, alafu hiyo chapter ifungwe.

Kwa system mpya, senior school ni Grade 10 hadi 12, na iko na njia tatu, ile kitu kila mtu anaita pathway: STEM, Social Sciences, na Arts and Sports Science. Theatre and Film iko kwa hii ya tatu, pamoja na Music and Dance, Fine Arts na mambo ya michezo.

Kila mwanafunzi, hata ukichukua pathway gani, anafanya masomo nne za lazima: Kiingereza, Kiswahili ama Lugha ya Ishara, Hisabati, na Community Service Learning. Alafu anachagua tatu zake. Hapo kwa tatu ndio Theatre and Film inaingia.

Cheki hiyo hesabu vizuri. Mtu akikuambia ati ukichukua film umeacha shule, mwonyeshe. Ni somo moja kwa saba. Bado utafanya hesabu, ingawa wale hawako STEM wanafanya ile rahisi kidogo. Bado utaandika insha. Na ukweli ni kwamba ile insha ndio itakusaidia zaidi, kwa sababu muvi inaanza kwa karatasi kabla ifike kwa kamera.

Darasani mnafanya nini?

Wengi wanadhani ni kukaa mkicheki Nairobi Half Life alafu mnaenda lunch. Maze, hapana.

Kazi ya film imegawanywa mara tatu. Kuna kabla ya kushuti, kuna kushuti, na kuna baada ya kushuti. Hiyo ya kwanza ndio kubwa na ndio haionekani: kuandika skripti, kutafuta waigizaji, kutafuta mahali, kupanga nguo, kupanga bajeti, kupanga ni scene gani inashutiwa siku gani. Ukurasa moja ya skripti iliyoandikwa kwa mpangilio wa kawaida ya filamu huwa kama dakika moja kwa skrini. So ukiandika kurasa 40 za skit ya kuingiza TikTok, umejiletea ngori.

Na muvi haishutiwi venye wewe unaiona. Kama stori inaanza kwa keja, inaenda tao, alafu inarudi kwa keja, scenes zote za keja zinashutiwa pamoja ndio msilipe keja mara mbili. Maanake mwigizaji anaweza lia mazishi ya babake saa tatu asubuhi, alafu saa tano anakula chapo na huyo huyo babake. Lazima kuwe na mtu anaandika kila kitu: shati ilikuwa imefungwa vifungo ngapi, chai ilikuwa imefika wapi kwa kikombe, kidonda kilikuwa mkono gani. Hiyo ni mboka kamili, na mtu analipwa kuifanya.

Alafu kuna lugha ya kamera. Chukua stori simple: makanga amekataa kurudisha chenji ya soo. Ukishuti kutoka mbali, tunaona mat yote na abiria wakigeuka. Ukikaribia hadi kiuno, tunaona mabishano. Ukikaribia hadi kwa uso wa mathe mwenye anadai chenji, tunaskia aibu yake. Ukishuti mkono wa makanga ukifinya hiyo soo polepole, hauhitaji mtu aseme neno. Ni ile stori moja, lakini umechagua nani anahurumiwa.

Sheria ingine utafunzwa mapema ni ya laini. Umewahi jiuliza kwa nini ukicheki mechi kwa TV, kamera kubwa ziko upande moja wa uwanja? Ni ndio timu yako isionekane inashambulia kulia, alafu ghafla inashambulia kushoto. Kwa muvi ni hivyo hivyo. Watu wawili wakibonga, chora laini katikati yao kwa akili yako na ukae upande moja. Ukiivuka bila mpango, kwa skrini wataonekana ni kama wote wanaangalia ukuta moja.

Na editing? Karibu miaka soo imepita, kuna Mrusi anaitwa Lev Kuleshov alichukua sura ya mwigizaji mmoja, sura haina hisia yoyote, akaiunganisha na picha tofauti: sahani ya supu, maiti kwa jeneza, mwanamke amelala kwa sofa. Stori inasema watu waliona huyo jamaa ako na njaa, alafu ana huzuni, alafu anatamani. Sura ilikuwa ile ile. Maana ilitoka kwa kuunganisha. Ukishaelewa hii kitu, hautawahi angalia tangazo ya siasa, ama klipu ya breakup ya celeb, na macho ya kitambo.

Hiyo pekee inatosha kwa nini somo hii ni ya maana hata kwa msee hatakuwa dairekta. Tunaishi kwa video. Mtu anajua venye video inapikwa si rahisi kulishwa uongo.

Upande wa theatre usiudharau

Jina ya somo ni Theatre and Film, na theatre imetangulia. Wengi wanaruka hapo. Lakini jukwaani ndio unajifunza sauti, mwili, kuskiza mwenzako, na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Kwa jukwaa hakuna kurudia. Ukisahau laini yako, hall yote inajua.

Na hizo vitu mbili Kenya zimeshikana kitambo. Ile drama festival ya shule siku hizi inaitwa Kenya National Drama and Film Festival, na filamu za wanafunzi zinashindana huko pamoja na michezo ya kuigiza. Kama shule yako haitoi hii somo, hiyo ndio njia yako ya kuingia. Shika hiyo.

Wakenya wenye wamefika

Mzae akikuuliza, "Nani ameshiba na hiyo kitu?", usijibu na hasira. Jibu na majina.

Nairobi Half Life ya 2012, dairekta David "Tosh" Gitonga, ndio ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Joseph Wairimu, mwenye aliigiza Mwas, alibeba tuzo ya mwigizaji bora kwa tamasha ya Durban mwaka huo huo. Na hiyo filamu ilitokana na mradi wa kufunza Waafrika kazi ya filamu. Maanake ilikuwa darasa kabla iwe muvi.

Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa Berlin 2018. Ni stori ya msichana mgonjwa anaitwa Jo, na kijiji yote inaungana kumshutia muvi yenye yeye ndio superhero. Kama kuna filamu ya kuonyesha mathe ndio aelewe unataka kufanya nini na maisha yako, ni hiyo. Weka tishu karibu.

Watu Wote, yenye iko kwa Kiswahili na Kisomali, inahusu abiria Waislamu waliokinga Wakristo wakati basi ilivamiwa karibu na Mandera 2015. Ilishutiwa Kenya, na ilikuwa project ya kumaliza masomo ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani. Ikafika nominee wa Oscar 2018. Project ya shule, wasee.

Na Lupita? Kabla abebe Oscar 2014, alikuwa kwa crew ya The Constant Gardener, ile muvi ya 2005 ilishutiwa hapa. Hakuanza na red carpet. Alianza nyuma ya kamera.

Sasa tubonge ukweli

Hakuna haja nikuuzie ndoto. Kuna vitu lazima ujue.

Kwanza, mlango. Ukienda Arts and Sports Science, usitarajie Grade 12 ikiisha ugeuke useme unataka kusomea udaktari ama uinjinia. Hizo kozi zinataka sayansi, na wewe haukuzifanya vile inatakiwa. Kama roho yako iko katikati, kaa na combinations vizuri. Si lazima masomo zako zote tatu ziwe za sanaa, kuna combinations zinachanganya film na somo ya pathway ingine. Uliza shule yako inatoa gani.

Pili, shule. Si kila shule inatoa hii pathway. Kuna zile ziko na zote tatu, na kuna zile ziko na mbili tu, STEM na Social Sciences. Kuchagua somo kwa karatasi alafu upelekwe shule haina mwalimu wa hiyo somo ni kama kulipa fare ya Rongai na uachwe Bomas.

Tatu, doh. Kazi ya film Kenya mara mingi ni ya kuitwa kwa project. Mwezi huu uko location wiki mbili unalipwa, mwezi ujao simu imenyamaza. Wenye wanatoboa huwa na mikono mingi: anashuti harusi Saturday, anaediti tangazo Monday, anafanya documentary ya NGO mwisho wa mwezi, na kwa hizo nafasi za katikati anaandika muvi yake. Mimi chuo sikumaliza, so sitakuimbia wimbo ya makaratasi. Lakini nimeona hii: kwa set hakuna mtu anakuuliza certificate ukishashika kazi. Wanauliza kama ulifika saa kumi na moja asubuhi venye mliagana, na kama saundi iko clean.

Nne, sheria. Kenya iko na sheria ya filamu, Cap 222, na kuna leseni na kuna KFCB ya kupima filamu kabla ionyeshwe watu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilifika Cannes 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na hapa nyumbani ikapigwa marufuku. Mwaka huo huo court iliiruhusu kwa siku saba. Ukiingia kwa hii kazi, jua utapatana na hiyo ukuta siku moja. Na usiweke ngoma ya msanii kwa filamu yako ati kwa sababu iko YouTube. Hiyo ngoma ni mali ya mtu. Omba ruhusa, ama utafute beste yako anapiga gitaa akutengenezee yako.

Maswali ya kuuliza shule kabla ujaze

Usiulize tu, "Mko na film?" Shule itasema iko. Uliza hivi:

Mwalimu wa Theatre and Film ni nani, na amesomea nini? Kama ni mwalimu wa Kiingereza amepewa tu aongeze, si mbaya, wengi wao ndio wamebeba drama club miaka mingi. Lakini ujue.

Vifaa ni gani? Hauhitaji studio ya Hollywood. Unahitaji kamera moja ama simu za shule, tripodi, maiki, na kompyuta yenye inaweza kuediti bila kuzima kama stima ya mtaa.

Wanafunzi wanaruhusiwa kushika hizo vifaa, ama ziko kwa kabati ya deputy zikingoja wageni?

Shule huenda drama and film festival? Mara ya mwisho walipeleka filamu ama mchezo gani?

Majibu ya hizo nne yatakuambia kila kitu.

Anza na simu, leo

Usingoje Grade 10. Sean Baker alishuti Tangerine na iPhone 5s, ikatoka 2015. Mwaka wa 2025 huyo huyo jamaa alibeba Oscar nne usiku mmoja na filamu yake Anora. Simu haikuwa shida.

Fanya hii mazoezi weekend. Stori: msee anadai deni ya chapo. Dakika mbili, watu wawili, mahali pamoja. Andika kurasa mbili, si zaidi. Alafu:

Moja, simu ilale. Usishuti ikiwa imesimama kama unaenda kupost status. Geuza, na uifute lenzi na shati, hiyo mafuta ya vidole ndio inafanya kila kitu ionekane ni kama kuna ukungu ya Limuru.

Mbili, weka mwigizaji akiangalia dirisha, si akiipa mgongo. Mwangaza ya dirisha ni ya bure na inapendeza kuliko tochi.

Tatu, kama unashuti usiku na balbu, na simu yako iko na pro mode, weka shutter 1/50 na fremu 25 kwa sekunde. Stima yetu ni ya 50 Hz, na ukienda kinyume na hiyo, zile taa zitaanza kupepesa kwa video. Wasee wengi wanadhani simu imeharibika. Ni hesabu tu.

Nne, saundi. Mtu atavumilia picha mbaya, lakini hatavumilia kelele. Luthuli unapata kamaiki ka kubana kwa kola chini ya ngiri mbili. Kama hauna, chukua simu ya pili, washa ya kurekodi sauti, uifiche karibu na mdomo wa mwigizaji. Kabla ya kuanza, piga makofi mara moja mbele ya kamera. Ukienda kuediti, linganisha ile kofi unaona na ile unaskia, na sauti itakaa mahali pake. Hiyo ndio kazi ya kile kibao cheusi na nyeupe unaonanga kwa set.

Tano, shuti stori yote kutoka mbali kwanza, alafu urudie kwa uso wa huyu, alafu uso wa yule, alafu mikono na chapo. Sasa uko na kitu ya kuunganisha.

Editing, CapCut itakutosha kwa simu. Ukipata kompyuta ya nguvu, DaVinci Resolve iko na version ya bure na inatumika hadi na wakubwa.

Ukimaliza, onyesha watu watano hawakupendi sana. Usiseme kitu. Angalia tu ni wapi wanachukua simu zao. Hapo ndio ukate.

Baada ya Grade 12

Kuna mahali pa kuendelea. Kenyatta University iko na department ya Film and Theatre Arts. KIMC pale South B imefunza watangazaji na wapiga kamera wa hii nchi tangu miaka ya sitini. Kuna ADMI, na kuna Kenya Film School ya Kenya Film Commission. Ama unaweza ingia kwa set kama msaidizi, ubebe waya, uchemshe chai, na ufungue macho.

Na kama mathe bado hajakubali, usimpigie kelele. Mwonyeshe ile hesabu ya somo moja kwa saba. Mwonyeshe combination yako na plan B iko ndani. Alafu mwonyeshe ile muvi ya deni ya chapo, dakika mbili, saundi clean. Mzazi wa Kenya ni ngumu kushawishiwa na maneno. Lakini akicheka mahali ulitaka acheke, ujue ameanza kukuskia.

Ikiisha tu usimuulize ameonaje. Ngoja aseme, "Rudisha hapo kidogo nione."